Vidole vya Dobi

Mashine ilimkataa dobi kwa mara ya nne. Alikuwa kituo cha afya tangu asubuhi kuandikishwa kadi ya wazee, ile ya kupata dawa za presha bure, na bila alama za vidole hakuna kadi. Miaka arobaini ya kufua nguo za watu kwa mkono ilikuwa imezila alama zote.

"Mama, futa jasho ujaribu tena," karani alisema.

"Mwanangu, nimefuta mpaka gauni limelowa."

Nyuma yake alisimama bosi wake, mwanamke wa umri wake mwenye ghorofa ng'ambo ya barabara. Huyo aligusa mara moja tu, mashine ikalia, akapewa kadi.

Karani alimhurumia dobi. "Pumzisha mikono, mama. Wiki mbili usiguse sabuni, alama zitarudi."

"Na hizo wiki mbili nile nini, vidole?"

Bosi alikuwa anatia kadi yake mkobani. "Dada, kesho usichelewe," alisema. "Kuna mapazia."

Dobi aliitikia. Nyumbani zilibaki dawa za siku tatu.