Vidole Visivyosomeka

Mashine ilikataa kwa mara ya nne, na foleni yote sasa ilikuwa inamtazama yeye.

"Bonyeza tena, mama. Usikandamize, weka tu," alisema afisa wa pasipoti, dada mmoja wa miwani ambaye kalamu yake ilikuwa imetafunwa kichwani.

Mama Msasa aliweka. Kioo kikawaka, kikatafakari, kikatoa mlio wa kuguna. Wekundu. Akafuta kidole gumba kwenye sketi, akaweka tena. Wekundu.

"Wewe mama unafanya kazi gani?"

"Napiga msasa. Kabati, vitanda, milango. Seremala akishamaliza, mimi ndiyo naanza. Nalainisha, natia rangi, napaka vanishi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

Afisa alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe kidogo, nyororo kama ganda la yai. Hapakuwa na mstari hata wa dawa.

"Mama, umejipiga msasa mwenyewe," alisema.

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Mzee mmoja alidakia kutoka nyuma: "Huyo akiiba hakamatwi!" Mama Msasa naye alicheka, lakini cheko lilimkauka mdomoni. Alikuwa na binti mmoja tu duniani. Binti huyo alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali, mimba ya kwanza ilikuwa na miezi sita, na mume wake alifanya kazi ya zamu, leo yupo kesho hayupo. Wiki iliyopita alikuwa amelia kwenye simu, yeye ambaye hata meno ya utoto yaling'oka bila chozi. "Mama, usipokuja, nani atanionyesha namna ya kumshika?"

Bila alama za vidole hapakuwa na pasipoti, na bila pasipoti hapakuwa na safari.

"Ngozi huota," alisema afisa kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa ameona uso wake. "Kaa wiki mbili bila kugusa msasa. Hata kidogo. Jipake mafuta. Mistari itarudi, wewe urudi."

"Hizo wiki mbili nifanye nini?"

"Pumzika."

Neno hilo Mama Msasa alilijua kwa kulisikia tu, kama mji ambao watu wengine wamefika.

Nyumbani kwake hapakuwa na kitu kilichobaki na ukali. Vigoda, mpini wa fagio, mwiko, kizingiti, vyote alikuwa amevipitia. Jirani yake alipenda kusema kwamba ukikaa kwake dakika kumi bila kujisogeza, utaondoka huna viwiko. Siku ya kwanza ya mapumziko alifagia uwanja mara tatu. Siku ya pili alianza kuhesabu vigae vya paa la jirani kupitia dirishani, akafika arobaini na moja, akainuka. Jirani alimwambia subira huvuta heri. "Basi ivute," alijibu, "mimi nimezoea kuvuta msasa."

Siku ya tatu miguu yake ilimpeleka karakana. Alisema anakwenda kusalimia.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, seremala aliyeitwa Futi kwa sababu hata msibani futi ya kupimia ilikuwa ikichungulia mfukoni. Cha nyuma kilitengwa kwa pazia zito la nailoni, vumbi la msumeno lisije likatua kwenye vanishi mbichi. Hicho kilikuwa chake. Ndani yake sasa lilisimama kabati la milango mitatu la mwalimu mmoja mstaafu, ambaye angekuja kulichukua Jumamosi ya wiki iliyofuata. Milango ilikuwa tayari imetiwa rangi ya kahawia iliyoiva. Pande zilikuwa bado.

Futi mwenyewe alikuwa amepiga magoti, anasugua ubavu wa kabati.

Mama Msasa alisimama nje ya pazia, akafumba macho. *Krr, krr, krr.*

"Shemeji! Unakwenda kinyume cha nyuzi za mbao!"

"Umeonea wapi? Pazia limefungwa."

"Nasikia. Ukifuata nyuzi mbao inanyamaza, hivi, *shhh*. Ukikata nyuzi inalalamika. Sasa hivi mikwaruzo huioni, lakini ngoja utie rangi. Kila mkwaruzo utakunywa rangi, utatokea mweusi kama makucha ya paka."

"Dada yangu, nenda nyumbani."

Hakuenda. Alikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, mikono ameikalia, akasikiliza. Futi aliruka kutoka msasa mkali wa namba themanini hadi ule laini wa namba mia mbili na arobaini bila kupita katikati. Akasahau kupitisha kitambaa kibichi ili vinyweleo vya mbao visimame na kukatwa. Kila kosa lilimwingia Mama Msasa mwilini kama mchanga ndani ya kiatu. Alivumilia siku hiyo. Akavumilia ya nne. Usiku aliota anasugua mlango usiokuwa na mwisho.

Siku ya tano Futi alikwenda kununua misumari.

Mama Msasa alizitazama glavu za mpira zilizoning'inia ukutani, zile za kushikia thina ya kuyeyushia rangi. Afisa alikuwa amesema vidole visiguse msasa. Ndani ya glavu vidole vingegusa glavu. Huo haukuwa uongo, ulikuwa mpira. Alizivaa upesi, akachukua kipande laini cha msasa, akausogelea mlango wa katikati. Pembeni palikuwa na chembe ya vumbi iliyogandia kwenye rangi. Kuipitia mara mbili tu, ingetoka.

Kumbe glavu haina masikio. Kwa miaka kumi na tisa ncha zile tupu ndizo zilizomwambia *basi, hapa pameisha*, na sasa zilikuwa zimezibwa. Alipita mara mbili, akapita mara sita, akapita kwa raha ya mtu aliyefungwa akafunguliwa. Akapuliza vumbi. Kwenye ukingo wa mlango palikuwa na doa jeupe la urefu wa kiganja. Alikuwa amekula rangi yote hadi kwenye mbao.

Futi alimkuta bado amesimama, glavu mikononi kama mwizi wa kuku aliyeshikwa na manyoya.

"Nionyeshe vidole," alisema.

Alivua glavu. Futi alivikagua kimoja kimoja, uso karibu, kama anapima ubao. Kisha ndipo akaugeukia mlango, akauona, akashusha pumzi ndefu.

"Mlango ni wa kurudiwa," alisema. "Mbao ipo, rangi ipo. Lakini shemeji, yule mtoto nilimbeba mgongoni mimi. Ukishindwa kwenda kwa sababu ya kabati la mwalimu, nitaliwekea moto kwa mkono wangu, naye mwalimu aje aote."

Mama Msasa alirudi kwenye kopo lake. Alikaa, akainama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ya foleni mikono yake ilikuwa imetulia.

"Basi urudie wewe," alisema mwishowe. "Mimi nitasema."

Wakaurudia. Futi alisugua, yeye akaongoza kwa sikio. "Polepole. Fuata nyuzi. Umebonyeza pembeni, nimesikia. Mia na ishirini kwanza, usiruke ngazi." Na kwa kuwa sikio lina mipaka yake, kila Futi alipodai amemaliza, Mama Msasa aliinuka, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akalaza shavu lake kwenye mbao na kulitelezesha taratibu kutoka juu hadi chini.

"Hapa pana kovu. Rudia."

Mwalimu mstaafu aliwakuta hivyo siku moja alipopita kuchungulia kazi. Alisimama mlangoni.

"Huyu mama anafanya nini na kabati langu?"

"Wanaagana, mwalimu," alisema Futi.

Rangi ilitiwa Alhamisi, na tabaka la tatu la vanishi likakauka Jumamosi asubuhi. Mwalimu aliondoka na kabati lake akijitazama kwenye mlango. Jumatatu, wiki mbili kamili, Mama Msasa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, vidole vinang'aa mafuta.

Afisa alimkumbuka. Alimfuta mafuta kwa kitambaa, akamwekea mkono mwenyewe. Kioo kikawaka, kikatafakari. Kijani. Cha pili, kijani. Gumba la kulia lilikataa mara moja. Afisa akamwambia vuta pumzi, mama, weka tena. Kijani.

"Umesomeka wote!" alisema afisa. "Njoo uichukue baada ya wiki tatu."

Mama Msasa alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akainamia dirisha.

"Kwa hiyo kuanzia leo naruhusiwa kurudi kazini?"

Afisa alivua miwani. "Ubalozini kwenye viza, mashine ni hii hii. Na uwanja wa ndege wa huko watakuwekesha vidole tena. Ukifika huna mistari, watakurudisha na ndege uliyojia."

"Kwa hiyo lini?"

"Ukishamshika mjukuu."

Mama Msasa akapiga hesabu. Miezi miwili na siku kadhaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kupapasa ukingo wa meza ya ofisi, pale vanishi ilipotoka malengelenge na mbao kuchanua vibanzi. Mtu fulani alikuwa ameipaka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka.

"Mama," alisema afisa, "toa mkono hapo."

Aliutoa. Akaikunja mikono yote miwili, akaibana kwapani, akageuka na kupita katikati ya foleni haraka haraka, kama mtu anayewahi mahali.