Unga Aliokanda Karmo

Karmo alizaliwa upande wa magharibi wa kijiji cha Kotla Bhagu, Punjab, upande ambako mifereji ya maji machafu ya kijiji kizima huishia. Huko ndiko walikojengewa Mazhabi, watu wa tabaka la chini. Majati, wenye mashamba, walikaa upande wa juu. Wote walikuwa Masingasinga, walimwomba Mungu mmoja na kuinamia kitabu kimoja cha Guru, mwalimu wa imani yao, lakini kila upande ulikuwa na mahali pake pa kuchomea maiti.

Mama yake, Chhindo, alizoa samadi kwenye zizi la Mjati mmoja mkubwa. Karmo alipokuwa mdogo alimfuata, akishika pindo la nguo yake. Siku za sikukuu walikaribishwa kula kwenye gurdwara ya Majati, hekalu lenye jiko ambalo halimfukuzi mwenye njaa. Walikula, waliosha vyombo, walifagia. Karai la unga hawakuruhusiwa kuligusa, wasije wakalitia unajisi.

"Kwa nini, mama?" Karmo aliuliza siku moja.

"Guru hana neno na sisi," Chhindo alijibu. "Wenye neno ni hawa wa jikoni."

Alipokua aliolewa na Bikkar, Mazhabi mwenzake, aliyekuwa na kazi kwenye kiwanda cha sweta mjini Ludhiana. Wakapanga chumba katika mtaa wa wafanyabiashara. Wakapata binti, Nimmi. Jumapili Karmo alimbeba mtoto mgongoni na kwenda gurdwara ya mtaani, akakaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

Aliyesimamia jiko pale alikuwa Bibi Harsharan, mke wa muuza vitambaa. Jumapili moja alimwona Karmo akisogeza gunia la unga lililowashinda wanawake wawili.

"We dada, wa shamba wewe?"

"Wa shamba, bibi."

"Nilijua. Wanawake wa Kijati mmejaliwa mikono. Sisi wa mjini tumezoea kupima vitambaa tu. Hebu njoo kwenye karai hapa."

Wanawake wakacheka. Karmo alifungua mdomo aseme, lakini unga ulikuwa umeshamwagwa mbele yake, mweupe, na maji pembeni. Alinawa mpaka viwikoni. Alipoingiza mikono, aliinamisha kichwa ili ushungi umfiche uso.

Tangu siku hiyo karai likawa lake. Walimzoea, wakamtania.

"Dada Karmo, mumeo ana ekari ngapi huko?"

"Ekari zake zote zinaenea kwenye vyungu viwili vya maua."

"Sikieni Mjati anavyoficha mali, anaogopa tutamkopa!"

"Nyinyi wa mjini mkope nini? Chapati zenyewe mnasukuma nyembamba, mtu anaweza kumwona mkwewe upande wa pili."

Nyumbani Bikkar hakucheka.

"Hujawaambia?"

"Hawajauliza."

"Wameshajijibu wenyewe. Siku wakijua?"

Karmo alimtazama Nimmi, aliyelala na unga mkavu kwenye kucha. Kila Jumapili mtoto alipewa donge akafinyanga ndege, na hakuna aliyemwambia toka. Karmo alitaka mwanawe akue hivyo, akidhani kwamba mahali pale ni pake, mpaka dhana hiyo imwingie kwenye mifupa asiweze tena kuitoa. Kwa ajili ya hilo alikuwa radhi kuitwa Mjati.

Kisha akaja Hardip. Alikuwa binti wa nyumba ile ile ya Mjati ambako Chhindo alizoa samadi, sasa ameolewa hapo hapo Ludhiana. Aliingia jikoni kusaidia, akasimama ghafla.

"Karmo? Si Karmo wa Chhindo wewe?"

Akamkumbatia na unga wake wote. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Akawageukia wenzake, mkono ungali begani mwa Karmo.

"Huyu ni dada yangu wa kijijini. Mama yake ndiye aliyetuzolea samadi miaka nenda rudi. Mazhabi waaminifu kama wale hamtawapata. Unaweza kuacha dhahabu mezani."

Kifimbo cha kusukumia chapati kilisimama mkononi mwa Bibi Harsharan.

"Kumbe," mwanamke mmoja alisema taratibu.

Hardip aliwatazama mmoja mmoja. "Nimesema nini?"

"Hujasema kitu," Bibi Harsharan akajibu. Kisha, kwa sauti laini kabisa: "Dada Karmo, umechoka leo. Mpumzishe mtoto. Ukitaka kusaidia, kule nje vyombo vimejaa."

Angemtukana, Karmo angejua la kujibu. Ulaini ule ulimkata. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya unga, na Nimmi alikuwa anamtazama.

"Sijachoka, bibi," alisema.

Akaendelea kukanda. Hakuna aliyemzuia. Mwanamke mmoja aliteremsha karai jingine, akamwaga unga mpya, na wengine wakalisogelea kimya kimya, wakimpa Karmo mgongo. Hardip alibaki katikati, akishika ncha ya ushungi wake, kisha akatoka nje.

"Mama," Nimmi aliuliza, "mbona wanakanda mwingine na wetu upo?"

"Watu ni wengi leo, mwanangu. Nisogezee kifimbo."

Karmo alikata madonge mwenyewe, akasukuma mwenyewe, akachoma mwenyewe kwenye ncha ya bamba la chuma ambayo hakuna aliyeigombea. Moshi ulimwingia machoni na aliuacha. Kapu lilipojaa alilibeba mpaka ukumbini, ambako watu walikaa chini kwa mstari, tajiri na kuli goti kwa goti, viganja vimekingwa juu.

Alianza mwanzo wa mstari. Chapati moja, kisha nyingine, kwenye viganja vya kila mtu. Mama mkwe wa Bibi Harsharan, kikongwe asiyesikia vizuri, alipokea, akaigusisha kwenye paji la uso, akaanza kula. Karmo alikuwa ameshampita alipomsikia akiita.

"Binti. Niongeze."

Nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, Bibi Harsharan alikuwa amesimama akitazama. Karmo alimwona. Akarudi, akainama, akamwongeza bibi kizee chapati, kisha akaendelea na mstari, Nimmi akimfuata na kapu dogo la chumvi.