Mafungu Kumi ya Zakia

Mwalimu Mwanasha alitoka Muheza kuja kufundisha darasa la kwanza huku kwetu Malindi, si ile ya pwani, hii ya milimani kwenye baridi. Wiki ya kwanza alivaa masweta mawili na khanga juu yake, tukamcheka vya kutosha. Lakini kwa kufundisha, ndugu yangu, hata hao wa Tanga mjini waje na vyeti vyao tuone. Na sisi Malindi, mwalimu tukishampenda, tunamsifia mpaka kwa wasiouliza.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya mia tangu shule ifunguliwe. Kila mtoto aliambiwa aje na vitu mia moja kutoka kwao: visoda, vijiti, punje za mahindi. Kazi ilikuwa kuvipanga sakafuni, mafungu kumi, kila fungu kumi.

Roho ya mwalimu ilikuwa kwa Zakia. Mtoto huyo nyumbani Kishambaa anakimwaga, darasani anameza ulimi. Bibi yake, Bi Mariamu muuza nyanya, alishatangaza: "Kama hahesabu, namchukua gengeni. Kule angalau atafaa." Mwalimu akamsihi aje kwanza aone mwenyewe. Akaja, akakaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu.

Mwalimu akahesabu maharage ya Zakia. Fungu la kwanza, kumi na moja. La pili, kumi na moja. Yote hivyo hivyo.

"Umekosea, Zakia." Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Darasa likaangua kicheko. Alfred alicheka mpaka akavipiga teke visoda vyake. Zakia akainamisha kichwa.

Bi Mariamu akainuka. "Si nilikwambia, mwalimu? Twende zetu, mjukuu wangu."

Mwanasha akaona mtoto anamponyoka. Lakini hilo kosa lilimtatiza: anayebahatisha hawezi kubahatisha namna ile ile kila fungu. Akapiga magoti sakafuni.

"Mwanangu, hili harage la juu ni la nini?"

Zakia akajibu kwa sauti ndogo: "Nyongeza."

"Ya nani?"

"Ya mteja. Usipomwekea, anakwenda genge la Mama Ilham."

Bi Mariamu akasimama palepale. Hayo mtoto kayatoa wapi kama si kwake?

"Haya, leo wateja hawapo," mwalimu akasema. "Toa nyongeza zote, uziweke hapa pembeni."

Zakia akazitoa moja moja, kwa uchungu wa mfanyabiashara. Darasa likahesabu mafungu yaliyobaki, likapaza: "Miaaa!" Yeye hakupaza. Alikuwa ameyakodolea macho yale maharage ya pembeni, midomo ikimcheza kwa kuhesabu.

"Mwalimu, nyongeza nazo zimekuwa fungu!" Sauti hiyo hata Alfred aliisikia. "Lakini hili halina nyongeza."

Mwanasha alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Mariamu hakucheka. Alitazama yale maharage, akamtazama mjukuu wake, akajifunga khanga vizuri.

"Ukitoka shule upitie gengeni, unisaidie kufunga hesabu," akamwambia, akateremka sokoni peke yake.