Aliyefunga Injini Hupanda Kwanza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikishika chuma hiki. Ilikuwa siku ya joto, ziwa limetulia kama maji ya kwenye beseni, na kwa mbali wale wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu kama moshi, nguzo baada ya nguzo, zinasogea taratibu kuelekea visiwani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mikono yangu ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa mimi.

Leo nina miaka ishirini na saba. Watu watasema huo si umri wa kutoa nasaha, ngoja kwanza uote mvi. Sina muda wa kungoja mvi. Jana nimegombana na fundi mmoja hapa mwaloni mpaka watu wakaacha kupakua dagaa wakaja kututazama, na hasira ile nimelala nayo na nimeamka nayo. Wewe una miezi minane, umelala kwenye kreti kubwa la samaki nililolitandika kanga, chini ya benchi la kazi, na kwako mimi ni mzee wa kutosha. Kwa hiyo naandika. Utasoma ukishajua kusoma.

Chuma chenyewe tunakiita kibano cha springi. Kimejikunja kama mkono unaotaka kumkumbatia mtu. Upande mmoja kina parafujo ndefu yenye mpini, upande wa pili kina pete iliyokatwa dirisha. Kazi yake ni moja tu. Ndani ya injini kuna valvu, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi, na kila valvu ina springi ya kuivuta ijifunge. Springi ile ni kali. Inashikiliwa na vipande viwili vya chuma, nusu pete na nusu pete, kila kimoja kidogo kama ukucha wako. Hivyo tunaviita loki. Ukizungusha mpini wa kibano pole pole, springi inainama kama binti anayewaamkia wakwe, loki zinalegea, unazitoa kupitia lile dirisha bila hata kupumua kwa nguvu. Ukitumia nyundo, zinaruka.

Kibano hiki alikitengeneza mjomba wangu Mabula, kaka yake mama, kwa chuma cha plau iliyovunjikia shambani kwao. Ndiye aliyenifundisha kazi. Gereji yake ilikuwa hapa hapa, kati ya haya mawe makubwa na maji, na ilikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote: injini ya boti ikishafunguliwa na kufungwa, aliyeifunga hupanda kwanza. Yeye na mwenye boti, bila abiria, mpaka kwenye lile jiwe wanapokaa ndege weusi wanaoanika mabawa, na kurudi. Mteja akiwa na haraka, atangoja. Fundi akiwa anaogopa maji, akatengeneze baiskeli.

Sasa, baba yako. Wakati huo Faustine hakuwa baba wa mtu. Alikuwa kijana wa Kikerewe mwenye boti ya abiria, injini ya kisasa isiyotaka kuchanganyiwa oili kwenye petroli, na kicheko. Injini ilikuwa imeanza kukohoa, ikaletwa kwetu, mjomba akasema valvu zinataka kusagwa zikae vizuri. Kabla hatujazitoa akaitwa Misungwi kwenye mashine ya kusaga unga iliyozimika, akaondoka na kibano kwenye mkoba.

"Shija," akaniambia, "safisha kila kitu. Springi usiziguse. Nisubiri."

"Sawa, mjomba."

Nilimaanisha. Naomba uamini hivyo. Nilisafisha vyote, nikavipanga kwenye sinia, nikakaa. Asubuhi ile maji yalikuwa yanameremeta hadi macho yanataka kufumba yenyewe, sauti za watu zinakuja na kupotea, na mimi nimekaa kama niliyeko ndotoni. Ndipo Faustine akaja na viatu mkononi.

"Bado tu?"

"Namsubiri mjomba. Kibano anacho yeye."

"Kumbe fundi ni mjomba." Akacheka. "Mimi najua fundi ni wewe."

Basi. Ni hilo tu. Hakunitukana, hakunilazimisha. Lakini binti mwenye miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha nne na matokeo nisiyopenda kuyataja, ambaye kila mteja akifika anamuuliza "fundi yuko wapi?" huku amemkodolea macho, neno kama hilo linamwingia kama pilipili. Alipoondoka nikachukua nyundo na kipande cha bomba, nikakiweka juu ya springi, nikagonga.

Loki zilitoka. Moja, mbili, tatu. Nikajiona bingwa. Ya nne ikalia *tii*, ikapita sikioni kwangu, ikaenda mchangani.

Niliupekua ule mchanga kwa vidole, kwa magoti, kwa chekeche la unga la mama. Haikuonekana. Kulikuwa na pikipiki mbovu nyuma ya gereji. Nikatoa loki kwenye injini yake. Ilikuwa nene kidogo. Nikaipiga tupa, nikaipima, nikaipiga tena, mpaka nikajikata kidole gumba. Mwisho ikaingia. Nikasaga valvu, nikazirudisha springi kwa kuzikandamiza na spana mbili na hasira, nikafunga kila kitu, na jioni Faustine na wenzake wakaipachika injini kwenye boti. Nikajiambia maneno mawili. Nikajiambia: itashika tu.

Mwanangu, mtu akikuambia itashika tu, shuka.

Maana loki isiyo yake inaweza kushika saa moja, siku tatu, wiki. Siku ikiachia, valvu inadondoka ndani, pistoni inaipiga, injini inakufa. Barabarani utaegesha kando upige simu. Katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeanza na boti imejaa watu na mizigo, hakuna kando.

Mjomba alirudi kesho yake saa sita mchana. Abiria walishafika, wamekaa juu ya magunia yao mchangani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akatazama boti, akatazama mikono yangu. "Umetumia nyundo."

"Ndiyo."

"Loki zote zipo?"

"Zipo."

Hesabu ilikuwa sawa, ndiyo maana uongo ule ulitoka laini. Akaonyesha boti kwa kidevu. "Panda."

Nikapanda. Faustine akavuta kamba, injini ikaitika mara moja, tukaondoka. Sijawahi kuisahau safari ile fupi. Boti ilikuwa inateleza kama haigusi maji. Injini inaimba, haikohoi, haitoi moshi. Nyumba zilizopandana mlimani zikawa ndogo, kama zimechorwa. Faustine anasema kitu, anacheka, na mimi sisikii neno hata moja kwa sababu nasikiliza ile loki. Nilikuwa naiona, kana kwamba chuma kimegeuka kioo: kipande kile cha pikipiki kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kimeshikilia pumzi kama mimi. Tukalizunguka jiwe. Ndege hawakuruka hata mmoja. Tukarudi.

Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, mwanangu. Sheria ya mjomba nilikuwa nimeitimiza. Nilikuwa nimefunga, nimepanda, nimerudi mzima. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

Abiria wakaanza kuingia. Mama mmoja, kijana kama nilivyo mimi leo, akaingia majini hadi magotini, akashindwa kuupanda ubao na mtoto mkononi. Akanipa mtoto. "Nishikie huyu, fundi."

Mtoto akashika kidole changu gumba, pale pale nilipojikata na tupa. Akakibana kwa nguvu zake zote, kama anavyofanya mtoto yeyote, hakujua lolote.

"Msipande," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Faustine akaniuliza, "Umesemaje?"

"Nimesema msipande. Loki moja si ya injini hii. Nimeitoa kwenye pikipiki, nikaipiga tupa."

 Mzee mmoja juu ya gunia lake akasema, "Ndiyo maana ilikuwa inakimbia vile. Imezoea lami." Watu wakacheka, wengine wakatukana, wakaanza kushusha mizigo. Faustine hakucheka. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akaenda kukaa peke yake juu ya jiwe.

Mjomba aliningoja hadi nilipomrudisha mtoto kwa mama yake. Nilidhani atanipiga. Angenipiga ningefurahi.

"Ulipokuwa unapanda, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulipanda."

"Nilipanda, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole. "Kufa umethubutu. Kusema umeogopa. Nani alikufundisha hesabu hiyo?"

 

Akaingia ndani, akatoka na sumaku ya spika ya redio ya zamani, ameifunga kamba. Akanipa. "Loki haiwezi kuwa imekwenda mbali," akasema, akaenda kunywa uji.

Mchana mzima niliivuta sumaku ile mchangani, kwenda na kurudi, kama mtu anayechunga mbuzi mmoja. Mchanga wa hapa una vumbi jeusi la chuma. Sumaku ikawa inaota manyoya, nayapangusa, yanaota tena. Jua likanipita kichwani likaenda upande wa pili. Abiria waliamua kungoja, wakachemsha chai, na yule mama akaniletea kikombe. Nilishaacha kufikiri. Nilikuwa natembea tu, na ziwa linapumua pembeni yangu. Halafu, kati ya yale manyoya meusi, nikaona kipande kimoja kinang'aa.

Mjomba akaniwekea kibano mkononi. Hakunisaidia. Nikakifunga juu ya springi, nikazungusha mpini, na springi ikainama bila kelele, bila ugomvi, kama vile muda wote ilikuwa inaomba iambiwe hivyo. Nikatoa kile cha pikipiki, nikaweka chake. Nikalegeza. Ikakaa. Nililia, mwanangu. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi kile, na nilichotakiwa kufanya ni kusubiri siku moja.

Jua likiwa bado juu ya maji tukalizunguka jiwe tena, mimi na Faustine. Abiria wakaondoka. Usidhani hapo mapenzi yakaanza. Baba yako alinikasirikia hadi msimu wa mvua ukaisha. Aliporudi alisema anataka fundi anayeweza kumwambia usipande. Nikamwambia asilete mashairi, alete injini nione.

Sasa nikuambie ya jana. Fundi mmoja kutoka mjini alikuja kuazima kibano, akafungua injini ya boti ya jirani, akaifunga, akanawa mikono. Botini walishaingia wanawake na watoto wao. Nikamwambia, kaka, washuke kwanza, upande wewe.

"Mimi ni fundi, dada. Si abiria."

"Hapa aliyefunga ndiye anayepanda kwanza."

"Itashika tu, usiwe na wasiwasi."

Basi wewe ukiwa mgongoni mwangu niliingia majini na nguo zangu, nikawashusha wote, na niliyoyasema sitayaandika hapa. Nikaifungua injini mbele yao, valvu kwa valvu. Na unajua nilikuta nini? Hakuna. Kila loki ilikuwa mahali pake. Yule bwana akacheka, akawaambia watu, "Mmeona? Makelele ya bure." Na watu wakacheka naye.

Hapo ndipo hasira ilipozidi. Kama kazi yake ilikuwa nzima, kwa nini hakupanda? Hakupanda kwa sababu hakuwa na uhakika. Alibahatika, na ile bahati yake alikuwa anawapandishia watoto wa watu. Nikafunga kila kitu upya, nikakuacha kwa bibi anayeuza chapati, nikapanda mimi. Nikalizunguka jiwe. Ndege ni wale wale, au ni wajukuu wa wale. Na huko, injini ikiimba, kwa muda mfupi nilikuwa na miaka kumi na tisa tena, na kidole gumba kikawa kinauma.

Mjomba siku hizi anaishi Buswelu, macho yamepungua nguvu. Kibano alinipa mwaka ule nilipoanza kupanda bila kuambiwa. Siku moja kitakuwa chako. Ukitaka kuwa nesi, kuwa nesi, kitumie kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ila shika nasaha yangu. Kazi yoyote utakayoifanya, kuna watu watakaa juu yake bila kujua ndani kuna nini. Ukiambiwa subiri kifaa, subiri. Ukikosea, sema kabla hujafunga. Ukishafunga, sema kabla hawajapanda. Na usijidanganye kwamba kupanda pamoja nao kunafuta kosa. Panda, ndiyo, panda wa kwanza. Lakini sema.

Umeamka. Unanitazama kupitia matundu ya kreti, na mkono umeutoa nje unatafuta kitu cha kubana. Haya, shika kidole. Mungu akukuze, mwanangu. Kila utakachokifunga kwa mkono wako kikae. Ziwa likupeleke na likurudishe. Na siku itakapokubidi useme msipande, upewe sauti, hata ikiwa ndogo.