Nani Aliyepiga “Sofia wa Chala”

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mtambo wowote. Nilibeba spika. Ukumbi wetu wa dansi pale Sumbawanga ulikuwa na ngazi ndefu upande wa nyuma, na spika za enzi hizo zilikuwa kabati zima la nguo, si hivi viboksi vyenu vinavyokaa juu ya friji. Nilipofika juu nikihema, Kiongozi wa bendi, mzee aliyejifunzia tarumbeta jeshini na ambaye jeshi halikuwahi kumtoka, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

“Unaijua kazi ya fundi mitambo?”

“Kuwasha na kuzima, mzee.”

“Kazi yako ni watu wasijue kama upo. Siku wakigeuka kukutazama, ujue umeharibu.”

Nimeifanya kazi hiyo mpaka nywele zimekwisha kichwani, na waliogeuka kunitazama ni wachache. Siku moja tu walipaswa kugeuka wote, na hakugeuka hata mmoja. Nawaeleza ninyi vijana habari za siku hiyo kwa sababu kila nikipita stendi nawakuta watu wametoa mishipa ya shingo, wanabishana nani alikuwa mkali wa gitaa katika mji huu. Wanabishania jambo ambalo halikutokea, na mimi uvumilivu umeniishia.

Kwanza mwelewe vyombo. Bendi ilikuwa na magitaa matatu. Besi ndilo linaloushika wimbo usianguke. Rithim linajaza katikati, na hakuna anayelisikia mpaka likosekane. Solo ndilo linaloongea, na ndilo lililowapa watu wazimu. Wimbo ukikaribia mwisho waimbaji hunyamaza, solo akaachiwa uwanja, watu wakacheza mpaka mashati yakalowa. Hiyo ndiyo sebene. Mimi nilikaa pembeni ya jukwaa na miksa, sanduku linalopokea sauti za vyombo vyote, kila chombo na kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Wacheza dansi hunisahau, lakini sauti yoyote iliyowafikia ilipita kwanza kwenye vidole vyangu.

Wapiga solo tulikuwa nao wawili, na walipokezana: huyu akipiga solo, mwenzake anarudi kwenye rithim. Pasko alitoka Milepa. Gitaa alilijulia kwenye kwaya ya kanisa, akapiga kwa vidole vitupu, gumba na shahada, noti chache, kila moja imesimama mahali pake. Idi alikuwa mtoto wa mjini, baba yake mfanyabiashara mwenye duka na malori. Lori likisubiri mizigo Kasanga, yeye alishuka bandarini kwa mabaharia wa Kongo wakamfundisha mtindo wao. Alikwarua nyuzi kwa kipande cha plastiki, noti zikamwagika kama ulezi kwenye ungo. Miezi ya baridi walikuwa wakiota jiko moja la mkaa kabla ya kupanda jukwaani, maana vidole vilivyoganda havipigi gitaa. Pasko alimwita Idi shemeji kwa utani, na mke wa Pasko alimwekea Idi chakula bila kuulizwa. Sikuwahi kuwasikia wakigombana hata kwa neno moja.

Waliogombana ni mashabiki. Wa Pasko walikaa kulia kwa mlango, wa Idi kushoto, na ole wako ukimpeleka mchumba wako upande usio wako. Wa Idi waliongozwa na muuza nyama wa sokoni, jina la utani Shoka, mtu mwenye sauti kubwa na, niseme ukweli, mwenye masikio mazuri kuliko wengi. Tulipokwenda Chala siku za gulio walitufuata. Tulipokwenda Kasanga kupiga kwa umeme wa jenereta walitufuata, na huko wakatupiana makopo ya bia mpaka mpiga dramu akajificha nyuma ya ngoma zake.

Silaha ya mashabiki wa Pasko ilikuwa wimbo mmoja, “Sofia wa Chala”. Tuliurekodi Dar es Salaam, redio ikaupiga mpaka watoto wakaujua, na sebene yake ndiyo iliyomfanya Pasko aitwe bingwa. “Aje Idi apige ile,” walikuwa wakisema, na upande wa kushoto ukanyamaza.

Sasa sikilizeni. Siku ya kurekodi, kidole cha shahada cha Pasko kilikuwa na mdudu, kimevimba hata kijiko hawezi kushika. Solo alipiga Idi. Aliiga upigaji wa Pasko, akapunguza mwendo, akaziacha noti zisimame, kisha mwishoni akachanganya na ya kwake ya Kasanga. Kiongozi alikuwa ameshampa mtangazaji wa redio majina kama kawaida, solo Pasko, na hakuna aliyeona sababu ya kurudi kusahihisha. Tulirudi nyumbani tukiwa na wimbo wa bendi. Sisi kwenye bendi wimbo ulikuwa wa wote.

Jukwaani Pasko aliupiga kwa namna yake, vizuri sana, lakini haikuwa ile ya redioni. Shoka peke yake alilisikia hilo. Akasema Pasko amechuja, vidole vimekwisha, na maneno yakaenea sokoni kote.

Vita vilipofika kwenye kuvunja viti, mwenye ukumbi akatishia kutufukuza. Meneja wa bendi akatuita.

“Mafahali wawili hawakai zizi moja,” alisema. “Jumapili kwenye bugi kila mmoja atapiga wimbo wake. Watakayemshangilia zaidi anabaki. Mwingine aende kwa amani.”

“Meneja, hawa hawana ugomvi,” Kiongozi alisema.

“Najua. Wenye ugomvi siwezi kuwafukuza, ndio wanaolipa mlangoni.”

Idi akifukuzwa alikuwa na malori ya baba yake. Pasko hakuwa na kitu. Shamba la Milepa lilikuwa mikononi mwa kaka zake, mke na watoto wake walikula kwa gitaa. Wiki ile alifanya mazoezi ya sebene ya Idi mpaka gumba likatoka damu, na haikukubali. Zile noti za mwisho hazipigiki kwa vidole vitupu. Nilimsikia akianza, akikwama, akianza tena, nikatamani kuziba masikio.

Bugi, kwa wasiojua, lilikuwa dansi la mchana wa Jumapili. Siku hiyo watu walijaa mpaka madirishani. Pasko alitangulia. Alipogusa tu “Sofia wa Chala” upande wa kulia ukalipuka, na palepale Shoka akapanda juu ya kiti.

“Kama redioni!” alisema. “Apige kama redioni, noti kwa noti, tumwone!”

Kushoto wakaidaka. Kama redioni, kama redioni. Mpaka kulia wakaanza kuitika, wakidhani wanamsaidia mtu wao. Pasko alikuwa akitokwa jasho ilhali kulikuwa na baridi ya kuvaa koti. Waimbaji walibakiza ubeti mmoja.

Desturi ya jukwaa ni kwamba sebene ikianza, mpiga rithim hugeuka kumtazama mpiga dramu ili wasipotezane. Idi akageuka, mgongo kwa watu. Lakini hakumtazama mpiga dramu. Alinitazama mimi, akatikisa kidevu kumwelekea Pasko, kiganja chini. Kisha akajigusa kifua, kiganja juu.

Nilielewa. Kitufe cha Pasko nikakishusha chote. Cha Idi nikakipandisha.

Ikatoka ile ya redioni, noti kwa noti. Pasko alisikia gitaa lake limekufa, akanigeukia kwa macho ambayo sijayasahau, kisha akaelewa. Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya nyuzi zisizolia. Watu walimtazama yeye, kwa sababu macho ya shabiki humtazama mtu anayemjua. Ukumbi uliruka. Hata Shoka alishuka kwenye kiti akainamisha kichwa.

Zamu ya Idi ilipofika alipiga ya kwake, tena vizuri, lakini mioyo ilishahama. Meneja hakuhitaji kuuliza mara mbili.

Nyuma ya jukwaa Idi aliuzungusha waya wa gitaa polepole, akanikabidhi.

“Idi, nitawaambia,” nilisema.

“Ukiwaambia, umemfukuza yeye. Mke wake ananipa chakula, fundi. Mimi baba ananidai niendeshe lori tangu niko shule.”

Pasko alikuwa amekaa kwenye sanduku la nyaya, analia bila kujificha. Idi akamshika bega, akashuka ngazi. Hakupanda jukwaa tena.

Bendi ikaendelea, baadaye ikafifia kama bendi zote, nikahamia kufunga vipaza sauti vya makanisa na mikutano mpaka nikastaafu. Idi alizeekea dukani kwa baba yake. Mara ngapi nimekaa kwenye benchi lake nikasikia watu wakimwambia usoni, “Mzee Idi ulikuwa mzuri, lakini ile ‘Sofia’ ya Pasko ilikushinda.” Naye anapima sukari. “Kweli,” anasema, “ile ilinishinda.” Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika. Yeye ananimiminia chai.

Masika haya tumemzika. Pasko alikuja na basi kutoka Milepa, amekuwa mdogo, anatembelea fimbo, akasimama nyuma ya waliokuwa wakiomba dua mpaka mwisho. Kesho yake nilimsindikiza stendi. Shoka, mzee mwenzetu sasa, alikuwepo na genge lake la ubishi, akainuka kumpa mkono.

“Pole, Pasko. Mimi nilikuwa upande wa Idi, unajua. Lakini leo nakubali mbele ya watu: ile sebene ya ‘Sofia’, Idi asingeiweza.”

Pasko akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

“Aliyeipiga tumemzika jana,” alisema, akaingia.

Genge likacheka, likasema huo ni unyenyekevu wa wazee. Shoka hakucheka. Nimesema ana masikio. Basi likaondoka, akanivuta pembeni kwa mkono wa koti.

“Fundi, anasema nini yule?”

Nikamweleza: kidole, redio, kitufe, mgongo wa Idi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la mahindi la mtu.

“Aliyepanda kwenye kiti ni mimi,” alisema. “Aliyemfukuza Idi ni mimi.”

Nikakaa naye. Mwenye gunia akaja akalitaka gunia lake, tukainuka. Siku hizi Shoka haendi tena kwenye genge. Huja kwangu jioni, ananiomba nimwekee “Sofia wa Chala”, na ikifika sebene anageuzia uso ukutani.