Macho Yenye Msimu

Kwetu, pembeni ya barabara iendayo Kahama, bibi kizee mwenye macho mekundu hafi kwa malaria. Anaitwa mchawi, anakufa kwa panga, na asubuhi majirani wanakuja kumlilia kwa adabu zote. Mimi nina macho mekundu kuliko kizee yeyote, ila mimi ni kijana ninayesoma, kwa hiyo yangu yaliitwa ugonjwa.

Shida yangu ni maua. Mahindi yakitoa mbelewele, nampigia mwalimu chafya somo zima. Nyasi zikichanua, macho yanavimba mpaka anadhani nimelala, ananiamsha kwa fimbo. Pamba ikiiva tunapelekwa kuichuma shamba la shule, na vumbi lake linanikaba. Halafu migunga nayo inachanua kungoja mvua mpya. Ni katikati ya kiangazi tu, majani yakiwa yamekauka na ng'ombe wamebaki mbavu, ndipo mimi nanawiri. Baba husema mifugo yake inakonda ili mimi nipendeze.

Mganga wa zahanati alinipa vidonge vya njano, akaeleza kwamba mwili wangu haupatani na unga wa maua, na kwamba kitu hiki hutembea katika ukoo. Katika ukoo wetu kilitoka kwa Bibi, kikamruka baba, kikatua kwangu.

Bibi alikuwa mtani wangu, kama bibi yeyote kwa mjukuu. Aliniita ngosha wangu, yaani mwanaume wangu, akalalamika kwa majirani kuwa ameozwa kwa kamasi. Nami nikasema nitaenda kwao kudai ng'ombe zangu za mahari, maana mke niliyepewa anavuja. Vidonge tuligawana, tukasinzia pamoja ukutani kama kuku wenye kideri. Baba hakucheka. Kila nyasi zilipochanua alimkataza Bibi kwenda kisimani.

Mwaka mmoja, nikiwa likizo kutoka shule ya bweni na nyasi zikiwa zimechanua hasa, jirani alifiwa na mtoto wake mchanga. Bibi asipokwenda msibani watasema anajificha, na akienda watamwona. Akaenda. Siku ya kuzika hakuna aliyemshangaa, kwa sababu kila mtu alikuwa na macho mekundu. Balaa lilikuja siku ya kuanua matanga. Wenzake wote macho yameshatulia, ya Bibi yanawaka kama makaa na machozi yanamtiririka. Baba mdogo wa marehemu, mchimba dhahabu aliyekuja kutoka Geita na redio begani, akaizima hiyo redio ili asikike vizuri.

"Mama wa mtoto ameshanyamaza," alisema. "Huyu bibi analilia nini mpaka leo?"

Watu wakatazama chini. Nilijua kutazama chini kwa namna ile kunaishia wapi. Bibi alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga, na kadiri alivyofuta ndivyo yalivyozidi.

Basi nikainuka. Nikawaambia wakubwa shikamooni, nikang'oa konzi ya nyasi zenye maua pale ukingoni mwa uwanja, nikazisugua puani na machoni kama mtu anayenawa uso. Nikapiga chafya mpaka nikakosa pumzi. Macho yakavimba, kamasi ikafika kidevuni. Nikawageukia watu wote ili waone vizuri, nikawaambia ni nyasi tu, hata mganga wa zahanati anajua. Vijana walianza kucheka. Kisha akina mama, hata mfiwa mwenyewe akaficha mdomo. Nikadhani nimemaliza kazi.

Babu wa marehemu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinitazama, akamtazama Bibi, akanirudia mimi.

"Kumbe ameshamrithisha," alisema taratibu.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akamvuta mwanawe kwa mkono.

Baba hakungoja. Kesho yake alimpandisha Bibi kwenye lori lililokuwa likienda Kagongwa, kwa shangazi, ambako hawakumjua. Mimi nikarudishwa bweni Shinyanga mjini. Huko sifa zilinitangulia: siibiwi sabuni, na nikipiga chafya foleni ya uji inapungua. Sijalalamika. Mchawi anakula vizuri.

Lakini siku ile, Bibi akiwa juu ya magunia, nilimtania kwamba mke wangu ananikimbia, na kwamba likizo nitamfuata huko huko. Hakunijibu kwa utani. Aliinama kutoka juu ya lori akanishika shavu, macho yetu yote manne yakivuja.

"Ngosha wangu," alisema, "njoo majani yakikauka. Yakiwa na maua, usije kwangu. Wakituona wawili watajua."

Lori likaondoka. Mimi nikabaki pale napiga chafya, na waliokuwa wamesimama barabarani wakahamia upande wa pili.