Nyumba Niliyoiponda Inyonga

Mimi nauza vitenge Mpanda mjini, na niseme ukweli, sijawahi kununua kitu bila kukiponda kwanza. Ndivyo alivyonifundisha mama. Ukikipenda, kikunjie uso. Sema kimepauka, sema duka la pili kuna kizuri zaidi, halafu jifanye unaondoka. Nimenunua hivyo magunia ya mchele, kabati, hata kiwanja cha Kawajense tulikojenga. Mume wangu husema hata yeye nilimpata kwa kumponda, nami simbishii.

Basi nyumba ile ya nje kidogo ya Inyonga niliiendea na mume wangu, mdomo uleule. Habari zake alinipa mteja wangu mmoja: kuna bibi mjane, ana nyumba ya zamani za mkoloni, amechoka kuishi peke yake na anataka kuhamia kwa binti yake ng'ambo ya barabara. Lakini wanunuzi alikuwa anawafukuza. Wengi walitaka kuibomoa wauze tofali na mbao, na yeye alishasema wazi anatafuta mtu wa kuishi humo, ili nyumba ibaki imesimama.

Nilipoiona, jamani! Nyumba nyie! Tofali za kuchoma, kuta nene mpaka mtu unaweza kukaa dirishani ukakunja miguu. Baraza pana, nguzo za mninga zimeng'aa kwa migongo ya watu walioziegemea miaka yote hiyo. Nje jua linachoma, ndani ubaridi mtamu. Baba mkwe wa bibi aliijenga kwa hela ya asali na nta, na chumba cha nyuma, kilichokuwa ghala lake, bado kinanukia asali. Mimi nimezaliwa chumba cha kupanga Shanwe, nikaolewa chumba cha kupanga, na nyumba yetu ya Kawajense ni ya juzi tu, rangi haijapata hata muda wa kubanduka. Niliitaka nyumba ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mdomo ukasema, "Bati lote kutu. Sakafu nayo imepasuka. Na huu mlango mzito hivi, nani atausukuma kila siku?"

Bibi alikuwa anatutembeza kwa fimbo yake. Akasimama. "Umemaliza?"

"Bado, bibi. Choo nacho kiko mbali."

Mume wangu akakohoa. Bibi akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Mke mwenzangu," akasema, maana bibi zetu ndivyo wanavyotutania wajukuu, ila safari hii hakucheka. "Nyumba ya mume wetu unaiponda mbele yangu? Kwa mlango huo niliingizwa nikiwa bi harusi. Kama ni mbovu, rudi Mpanda ukanunue mzuri."

Akaingia ndani, akafunga. Mimi sikushtuka. Nikatembea taratibu kuelekea barabarani, kama ninavyotembeaga sokoni, nikisubiri kuitwa. Muuzaji lazima akuite. Nilifika barabarani, nikajifanya natoa jiwe kwenye kiatu, nikalitoa tena. Hakuna aliyeniita.

Nilipofika nyumbani nililia, mtu mzima mimi, nikilia kwa ajili ya nyumba ya watu.

Wiki iliyofuata nilirudi na sukari na sabuni, nimejitanda kanga, adabu tele. Bibi alikuwa barazani na kina mama wa jirani, wanamenya karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umerudi kuangalia kutu?"

"Nimerudi kusema kweli, bibi. Nyumba yako naipenda. Niliiponda ili uniuzie rahisi."

Kina mama wakaangua kicheko. Bibi akaweka ungo chini, akashika fimbo. "Haya, isifie basi. Anzia mlangoni, na hawa wasikie."

Mwenzenu nilipata tabu! Kuponda nimezoea, sifa zilitoka kwa kigugumizi. Nikausifia mlango, fundi wake, hata bawaba. Tulipoingia sebuleni ulimi ukalegea. Nikasema kuta hizi zinanifanya nitake kunong'ona. Kwenye ghala la nta nikasema hapa ningelala chini ninuse tu, na mama mmoja akapiga vigelegele. Jikoni, ukuta ulivyokuwa mweusi kwa moshi, nikasema hapa wamekula watu wengi.

"Wengi," bibi akasema polepole. Kisha akauliza, "Na bati?"

"Bati lina kutu, bibi."

"Hilo kweli," akasema, na hapo ndipo alipocheka. "Utalibadilisha. Hutabomoa?"

"Wallahi sibomoi. Nitaishi humu."

Akataja bei yake, nami sikupunguza hata senti. Nyumbani mume wangu alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Tukaandikishana ofisi ya kijiji, majirani wakashuhudia.

Siku ya kuhama, binti wa bibi alibeba kitanda, sanduku na masufuria. Bibi akanikabidhi ufunguo, akashuka ngazi za baraza peke yake, hakutaka kushikwa. Alivuka barabara, akafika uani kwa binti yake, akasimama kule kitambo. Kisha akageuka, akavuka tena kurudi. Nikadhani amesahau kitu. Alipofika chini ya ngazi akanyoosha kanga yake vizuri.

"Hodi!" akaita.

Tangu aingie pale akiwa bi harusi, wa kuitikia hodi mlangoni hapo alikuwa yeye.

"Hodi wenyewe! Hamna watu humu?"

"Bibi, pita tu, hapa ni kwako."

"Si kwangu, nimeuza." Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nikaribishe kama mwenye nyumba, nijue kama bado naruhusiwa kuingia."

"Karibu," nikasema, machozi yananitoka. "Karibu ndani, bibi."

Ndipo akaweka mguu kwenye ngazi.